Marehemu Bado Anapika

Picha ilipopanda ukutani niliacha kunywa chai.

Tulikuwa kwenye ofisi ya kampuni pale Kisumu, ghorofa ya juu, upande ule madirisha yanatazama ziwa na magugu yake. Wageni waliketi mbele, wale wanunuzi wa kaboni. Sisi wapimaji tuliketi nyuma karibu na birika. Meneja wetu, Bwana Festo, alikuwa anawaonyesha majiko ya mradi moja baada ya lingine, kisha akafika kwa hili. Jiko la udongo, limesuguliwa hadi likang'aa, halina ufa hata mmoja. Juu yake, ungo umetundikwa ukutani. Kando yake, kikombe cha bati chenye ua la bluu.

Hicho kikombe nimekiosha mimi tangu nilipoolewa. Hilo lilikuwa jiko la mama mkwe wangu.

"Hili ndilo jiko letu la mfano," Bwana Festo akasema. "Ni la Mama Perez, mama hodari sana wa huko Rarieda. Anapika hapa kila siku, na mnaona wenyewe, halijapasuka."

Nikajikuta nimesimama.

"Anampikia nani?"

"Mama Hawi, maswali ni mwishoni."

"Nauliza anampikia nani. Mama Perez tulimzika. Wewe mwenyewe ulikuja matangani, ukashika maikrofoni, ukasema kampuni imepoteza mshirika. Halafu ukala kuku."

Mwenzangu mmoja alicheka kwa pua, kisha akajifanya anakohoa. Mgeni mmoja aliinama kwa jirani yake akitaka kutafsiriwa, na hakuna aliyemtafsiria.

"Hayo tutaongea baadaye."

"Sawa. Lakini kwa vile wewe unaongea na waliokufa, muulize Mama leo amepika nini."

Nilichukua mkoba nikashuka ngazi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sijafika miaka thelathini, nina mtoto ambaye bado analala na nepi, na tayari mimi ni mstaafu. Kwa hivyo nyinyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne, mnaonisimamisha njiani na kuniuliza, "Dada, ile kazi ya majiko inapatikana aje?", ketini niwaambie. Sitafuata mpangilio. Nikikasirika mambo hunijia vile yanataka yenyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mtu mbali sana ana kiwanda, na kiwanda kinatoa moshi. Anaambiwa apunguze, hataki ama hawezi. Basi anatafuta mtu mwingine apunguze kwa niaba yake, naye amlipe. Huyo mtu mwingine ni sisi. Mwanamke wa huku anapewa jiko linalokula kuni kidogo, zile kuni ambazo hazikuchomwa zinahesabiwa, hesabu inageuzwa kuwa hati, hati inauzwa. Mimi sina ugomvi na hilo wazo. Mama mkwe wangu alikohoa juu ya mafiga matatu maisha yake yote, na jiko lilipokuja kikohozi kilipungua. Nilikisikia kikipungua, jikoni kwake na kwangu ni hatua chache tu.

Lakini oneni shida iko wapi. Ukinunua samaki Luanda Kotieno unamgeuza, unatazama macho, unafungua shavu. Hapa kinachouzwa ni kuni ambazo hazikuchomwa. Utazigeuza aje? Mnunuzi hawezi kuziona. Meneja hawezi kuziona. Kila kitu kinasimama juu ya neno la mpimaji, na mpimaji ndiye wewe, na viatu vyako vya matope.

Zamani tulikuwa tunabeba mizani ya ndoano. Unafika asubuhi, unapima rundo la kuni, unamwomba mwenye jiko achome hizo tu, kesho yake unarudi kupima zilizobaki. Inaonekana rahisi. Sasa niambieni, ni mwanamke gani wa huku anataka mgeni aone rundo lake ni dogo? Watu watasema yeye ni mvivu ama ameolewa na mvivu. Kwa hivyo wakisikia wapimaji wanakuja, wanaazimana kuni.

Aliyegundua hayo ni Mama Saida. Huyu alikuwa mwanamke Mwislamu wa Kaloleni pale mjini, mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kazi. Siku moja tulikuwa kwenye boma la tatu asubuhi hiyo, naye akasimama mbele ya rundo akalitazama kwa muda.

"Gogo hili tumelipima kwa Nyar Uyoma," akasema. Nyar Uyoma ni jirani yangu, maana yake binti wa Uyoma. Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka. Mimi naitwa Nyar Maseno.

"Magogo yanafanana, Mama," mwenye boma akajibu.

"Yanafanana hadi msumari?"

Yule mama akautazama msumari. "Hawa walizaliwa pamoja," akasema.

Mama Saida aliketi chini akacheka hadi akaomba maji. Mwenye boma naye akaanza, na mimi, na baada ya kicheko akatupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha kuni zake halisi, vijiti vya kujaza beseni. Kipimo cha kweli tulikipata hapo. Mama Saida aliniambia tukiwa njiani, "Mwanangu, usitangaze siku ya kwenda. Na usimuulize mtu kama anatumia jiko. Atakwambia ndiyo kwa heshima, maana ulimpa zawadi. Muulize jana walikula nini, nani alipika, na alipikia wapi. Hapo atakuambia ukweli hata kabla hajajua ni ukweli."

Kama mtachukua kitu kimoja tu kwangu, chukueni hicho.

Na kingine. Jiko linalotumika ni baya. Limepasuka mdomoni pale sufuria inaposuguana, lina uji uliomwagika, lina masizi hadi juu ya mlango, na majivu yake yana vuguvugu. Linahitaji fundi alipige udongo mpya mara kwa mara. Jiko zuri, safi, lisilo na ufa, ulitilie shaka. Niliwahi kupata moja ambalo mwenyewe amelifunika kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake picha ya harusi.

Halafu mizani ikaondolewa. Walisema inachukua muda. Wakaanza kupiga simu: jiko lipo? Lipo. Liko sawa? Liko sawa. Asante mama. Mama Saida hakuitwa tena, alienda kukaa kwa binti yake pwani, na simu yake siku hizi haishiki. Baada ya simu zikaja picha. Kijana anafika na pikipiki, anapiga jiko picha, anabonyeza "hali nzuri", anaenda. Haketi. Haulizi jana mlikula nini. Na kwa vile kila mtu anapenda picha nzuri, majiko yanayopigwa ni yale mazuri, na mnajua sasa majiko mazuri ni yapi. Ofisini wanaona kijiji kizima kina majiko yasiyopasuka, kwa hivyo fundi wa nini? Fundi akakatwa.

Tangu hapo wanawake wa kwetu wamerudi kwa mafiga mmoja baada ya mwingine, na wanaponiona mimi wanaona kampuni. Mimi ndiye niliyewaambia fundi atakuwa akija.

Niwaeleze kuhusu Mama Perez, ili mjue kwa nini nilisimama.

Nilipoolewa nilipika jikoni kwake. Ndiyo desturi yetu, mke mgeni hana moto wake hadi mama mkwe ampe. Nilikuwa nimetoka Maseno na cheti changu cha sekondari nikidhani najua mambo, na yeye alinitazama nikisonga ugali akasema, "Nyar Maseno, huo ni udongo wa ukuta ama ni chakula?" Tulicheka. Siku aliyonipa jiko langu alibeba makaa kutoka kwake kwenye kigae, akayaweka kwangu mwenyewe, akasema sasa boma lina mioshi miwili. Mume wangu, Baba Hawi, yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua. Kwa hivyo boma lilikuwa ni mimi na Mama na baadaye Hawi. Jioni tulikuwa tunaongea kila mtu akiwa jikoni kwake, kwa sauti, kuhusu chumvi, kuhusu watu, kuhusu mambo yasiyo na maana.

Alipokufa tulilia na kupika kama inavyopaswa. Nje, kwa mafiga makubwa, maana sufuria ya matanga haikai juu ya lile jiko dogo. Mti mzima wa boma ulikatwa kuwa kuni. Wakati huo boma letu lilikuwa bado kwenye vipimo vya mwisho vya mizani, na mwenzangu alizipima hizo kuni akapeleka ofisini. Bwana Festo akazifuta. Akaandika, "Matanga si maisha ya kawaida." Nilisoma hayo maneno nikiwa bado nimefunga kitambaa cha msiba. Nilitaka kumuuliza ni mwezi gani huku kwetu haukuwa na matanga.

Kwa hivyo sikilizeni vizuri. Kwa vipimo vya kuni Mama aliondolewa kwa sababu amekufa. Kwa hesabu ya majiko Mama aliachwa kwa sababu jiko lipo. Kuni zilizochomwa kwa ajili yake hazikuchomwa, na chakula asichopika anakipika.

Na jiko lipo kweli. Katika boma letu jiko la mwanamke aliyekufa haliwashwi na mwingine. Nililisugua baada ya mazishi, nikatundika ungo wake, nikaweka kikombe chake, nikafunga mlango kwa komeo bila kufuli. Yule kijana wa pikipiki alikuja siku niliyoenda soko la Kibuye kumtafutia Hawi sweta za mitumba. Alifungua, akaona jiko limetunzwa kama mtoto wa kwanza, akapiga picha. Simlaumu sana. Fomu yake haina mahali pa kuandika kwamba mpishi hayuko.

Siku chache baada ya kushuka zile ngazi, Bwana Festo alikuja nyumbani. Nilimpa kiti na maji, maana nimelelewa. Alizungumza vizuri mwanzoni. Akasema wageni wamelipenda lile jiko, na likiondolewa sasa wataanza kuuliza juu ya mengine, na huenda kijiji chote kikatolewa kwenye mradi. Na kijiji kikitolewa, hakuna fundi milele.

"Lakini kuna njia rahisi," akasema. "Wewe si ni wa boma hili? Pika pale. Hata chai. Jiko litakuwa linatumika, hesabu itakuwa ya kweli, na mimi nitamleta fundi."

"Bwana Festo, kwenu ni wapi?"

"Alego."

"Mama yako yuko?"

"Alituacha."

"Mke wako anapika jikoni kwake?"

Akatoa simu mfukoni akaitazama, na haikuwa imelia.

"Hiyo ni mila, Mama Hawi. Hii ni kazi."

"Kunywa maji yako," nikamwambia.

Kumbe alipotoka kwangu alipita kwa wengine. Kesho yake niliteremka ufukweni ambapo wanawake wanaanika omena kwenye nyavu, na kabla sijafika maongezi yalikatika. Kisha Nyar Uyoma akasema, bila kuacha kutandaza samaki wake:

"Nyar Maseno, ni moto tu. Washa, chemsha chai kidogo, zima."

"Chai ya nani?"

"Ya fundi."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Ama anaogopa mama mkwe atalalamika ni nyepesi." Wakacheka tena. Mimi ningecheka siku nyingine. Lakini macho ya Nyar Uyoma yalikuwa mekundu, ya moshi, jiko lake limepasuka tangu kabla ya mvua na anapikia wajukuu kwa mafiga ndani ya nyumba ile isiyo na dirisha. Hakuwa na ubaya. Alitaka fundi. Na huyu ndiye mtu aliyenishika mkono nilipokuwa najifungua Hawi. Nilinunua omena nikarudi, na tangu siku hiyo wakipita nje ya lango langu wananisalimia wakitembea. Habari, nzuri, na miguu haisimami.

Nilimpigia Baba Hawi. "Achana nao," akasema. "Huyo ni mama yangu na mimi sijakasirika."

"Wewe uko Naivasha. Hauoni ule mlango."

"Basi usiutazame."

Atafanya nini, maua hayangoji. Lakini mlango uko mbele ya mlango wangu, nitatazama wapi?

Jioni moja nilichukua kiberiti. Nawaambia kama kulivyokuwa. Nilifikiria macho ya Nyar Uyoma, nikajiambia Mama mwenyewe angesema washa, watoto wa watu wanakohoa. Nikavuta komeo. Hawi akanipita miguuni, akaingia na kikombe chake mkononi, akasimama mbele ya jiko na kuita, "Dani." Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita bibi yake, akija kila jioni kupewa kikombe cha kwanza cha uji. Akangoja. Akaita tena. Kisha kitu kikamjibu kutoka ndani ya jiko, na mimi nusura nikimbie.

Alikuwa kuku. Kuku wangu mwekundu, ambaye nilidhani ameibwa, alikuwa amepita chini ya mlango na kuketi ndani ya mdomo wa jiko la mfano, ameatamia, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

Nilicheka. Nilicheka sana, na nikageuka kumwambia mtu. Kicheko cha mtu mmoja ndani ya nyumba tupu kinarudi vibaya. Niliketi kwenye kigoda cha Mama hadi kikaisha, nikambeba Hawi, nikafunga mlango. Kiberiti nilikirudisha kwangu nikawasha jiko langu, na boma letu likawa na moshi wake mmoja.

Hapo ndipo nilijua kwamba sitawasha. Na kama sitawasha, basi kunyamaza pia siwezi, kwa sababu nikinyamaza anaendelea kupika. Mtu wa mbali anaendelea kutoa moshi wake kwa sababu Mama Perez amemfutia, na Nyar Uyoma anaendelea kulia machozi yasiyo ya msiba. Mambo hayo matatu ni jambo moja.

Niliandika malalamiko. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha barua rasmi kwa kiboko, kumbe alikuwa ananiandalia siku hii. Niliipeleka mwenyewe Kisumu na Hawi mgongoni. Dada wa mapokezi akasema Bwana Festo hayuko, niache tu. Nikasema siachi kitu bila muhuri. Akasema muhuri uko na Bwana Festo. Nikasema basi tutangoja, nikamshusha Hawi sakafuni, nikatoa chupa ya uji. Mtoto wa umri huo na chupa ya uji kwenye zulia la ofisi, muhuri haukuchelewa kuonekana. Nakala moja nilipeleka kwa ofisi ya mazingira ya kaunti, na nyingine kwa wale wakaguzi wa nje ambao kazi yao ni kukagua hesabu kabla haijauzwa. Majibu sijapata. Nyar Uyoma alisikia, na jana alipopita langoni alisalimia akasimama. Hakuingia, alisimama tu.

Wasichana, kazi iombeni. Wanahitaji watu wanaojua kuketi. Lakini kabla hamjaenda someni hii, ndiyo niliyoipeleka, neno kwa neno.

Kwa Meneja,

MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU JIKO LA MAREHEMU MAMA PEREZ NA HESABU YA KIJIJI CHETU

Mimi nilikuwa mpimaji wenu. Nalalamika kwamba mnauza upungufu wa moshi kutoka kwa jiko ambalo halipiki. Mwenye jiko alifariki, na kampuni inajua, kwa kuwa ilihutubia mazishi yake. Anayetumia jiko hilo kwa sasa ni kuku, na ameatamia.

Nalalamika pia kwamba niliombwa niliwashe ili hesabu iwe ya kweli. Hesabu inapaswa kufuata moto. Moto hauwezi kuwashwa ili kufuata hesabu.

Naomba majiko yahesabiwe kwa mpishi na si kwa nyumba, na mpishi akifa, jiko lake lifungwe kwenye hesabu mwezi huo huo. Naomba kuni za matanga zirudishwe kwenye vipimo, kwa sababu zinachomwa na watu wale wale kutoka kwa miti ile ile. Naomba mpimaji aende bila kutangaza, aketi, aulize watu walikula nini. Naomba jumla ya kila kijiji isomwe mbele ya wanawake wa kijiji hicho kabla haijauzwa, maana wao ndio wanaojua nani anapika. Naomba fundi arudi kwanza, picha zije baadaye. Ikiwa baada ya hayo mtakuwa na kidogo cha kuuza, uzeni hicho kidogo.

Mama Perez alipika maisha yake yote. Alipikia mume, watoto, wageni, na mimi nilipokuja bila kujua kusonga ugali. Sasa amemaliza. Naomba mliondoe jiko lake, na mnijibu kwa maandishi kwamba ameacha kupika.

Wenu,
Mama Hawi, mpimaji mstaafu